Boksi la Ramani Chini ya Kitanda

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina miaka 28, ni karani wa uhasibu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, huu ni mwaka wa nne. Tangu nikiwa darasa la tano nachora ramani. Nilianza na nchi za kubuni, siku hizi nachora mahali ninapopita: vichochoro, mifereji, vituo. Nina boksi zima chini ya kitanda. Sijasomea jiografia wala sijui kama kuna mtu analipwa kwa kitu hiki. Baba anasema dunia imeshachorwa yote, mimi nachora nini? Nimewahi kuwaza niache kazi nikasomee, ila nina mdogo wangu ninayemlipia ada. Je, kitu unachokipenda tu kinaweza kweli kukupa kazi, au haya ni maneno ya kutiana moyo? Na lile boksi, mwezi ujao tunahama nyumba, nilitupe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale: vichochoro, mifereji, vituo. Hukuandika kwamba unapenda jiografia. Umeandika vitu unavyovitazama. Pashike hapo, tutaparudia.

Nianze na baba, kwa heshima zake zote, maana swali lake ni zito na lina jibu. Dunia haijachorwa yote, wala haijakaribia. Sehemu kubwa ya uso wa sayari hii ni sakafu ya bahari, na mwaka 2017, ulipoanza mradi wa kimataifa uitwao Seabed 2030, sakafu iliyokuwa imepimwa kwa viwango vya kisasa ilikuwa kama asilimia 6 tu. Kufikia 2024 wamefika robo na kidogo. Zile rangi za buluu unazoziona kwenye atlasi, nyingi ni makisio ya kutoka kwenye satelaiti.

Na nchi kavu nako kuna mapengo. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliipiga Haiti. Waokoaji walipofika Port-au-Prince walikuta ramani za mji ni pungufu mno, mitaa mingi haina jina wala mstari. Mamia ya watu waliokuwa majumbani mwao, nchi mbalimbali, wakakaa mbele ya kompyuta, wakafungua picha za satelaiti na kuanza kufuatisha barabara moja baada ya nyingine kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa 2004. Kwa muda wa siku chache mji ukajaa mistari, na waokoaji wakaipakua ramani ile kwenye vifaa vyao. Wengi wa wachoraji hao walikuwa wapenzi wa ramani kama wewe, watu waliokuwa wakifanya kitu hiki jioni baada ya kazi zao nyingine. Kutokana na kazi ya namna hiyo likasajiliwa shirika, Humanitarian OpenStreetMap Team, na mwaka 2014 ukaanza mradi wa Missing Maps ambao hadi leo unaweka kwenye ramani makazi ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Baadhi ya waliokuwa wakijitolea leo wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kazi yenyewe, kwa sura hiyo, miaka ishirini nyuma haikuwapo. Hakuna mshauri ambaye angeweza kuwaelekeza huko.

Kwa hiyo mwambie baba kwa upole kwamba bado kuna cha kuchora. Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe, ambalo ni gumu zaidi.

Kuna mtu ningetamani ungemfahamu. Marie Tharp alizaliwa Marekani mwaka 1920. Baba yake alikuwa mpima udongo wa serikali, kazi ya kuhamahama, na binti alikua akiandamana naye mashambani, akiona jinsi ardhi inavyogeuka kuwa rangi na mistari juu ya karatasi. Chuoni alisoma Kiingereza na muziki. Jiolojia ilimfungukia kwa sababu ya vita: wanaume walikwenda kupigana Vita vya Pili vya Dunia, viti vikabaki vitupu, na Chuo Kikuu cha Michigan kikawafungulia mlango wasichana. Akasoma, akaajiriwa na kampuni ya mafuta. Huko wanawake hawakuruhusiwa kwenda uwandani, hivyo kazi yake ikawa kuwapangia ramani na takwimu wanaume waliokwenda. Akaona haimtoshi, akasomea shahada ya hisabati hukuhuku akifanya kazi. Mwaka 1948 akafika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuomba kazi, na shahada zake zote mkononi. Swali aliloulizwa lilikuwa: unajua kuchora?

Alijua. Akaajiriwa awachoree wengine.

Walimpa vipimo vya kina cha bahari, maelfu kwa maelfu, vilivyokusanywa na meli zinazotuma sauti chini na kupima muda inaochukua kurudi. Meli zenyewe hakuruhusiwa kuzipanda. Alipanda kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Yeye alibaki na karatasi. Akachukua njia sita ambazo meli zilipita kuikata Atlantiki ya Kaskazini toka upande hadi upande, akazichora kama milima inavyoonekana ukiitazama kwa ubavu, kisha akazipanga juu ya ukurasa, moja chini ya nyingine. Kwamba katikati ya bahari kuna safu ya milima, watu walikuwa wanajua. Alichokiona yeye kilikuwa kidogo zaidi. Kwenye kilele, katikati kabisa, palikuwa na mkato kama herufi V. Akaangalia mchoro wa pili, mkato upo. Wa tatu, upo. Milima yenyewe haikulingana sawasawa kutoka mchoro hadi mchoro, ila ule mkato ulilingana. Lilikuwa bonde la ufa, limelala chini ya bahari.

Mwenzake wa kazi, Bruce Heezen, alimjibu kwamba hayo ni maneno ya kisichana. Ikapita karibu mwaka mzima kabla hajakubali. Kilichomgeuza kilitoka kwenye meza ya jirani, ambako kijana mmoja kiziwi aitwaye Howard Foster alikuwa akiweka alama za matetemeko ya ardhi ya baharini, kwenye ramani ya kipimo kilekile alichotumia Marie. Ramani mbili zikawekwa moja juu ya nyingine, taa ikiwaka chini ya meza. Nukta za matetemeko ziliangukia ndani ya bonde lake. Ugunduzi ule ukawa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wanasayansi wakubali kwamba mabara yanasogea. Ramani ya Atlantiki ya Kaskazini ikatoka 1957, na ya sakafu ya bahari zote ikatoka 1977.

Nimekueleza kwa kirefu kwa sababu ndani ya habari hii mna jibu lako lote, ukiisoma polepole. Mapenzi yake ya ramani hayakumpa kazi. Kazi aliipata kwa mlango wa pembeni, ule wa kuchora, mlango ambao wengine wangeona ni kushushwa. Mapenzi yalimpa kitu kingine: jicho. Watu wengine waliziona namba zilezile wasione mkato. Tena yalimpa uvumilivu wa kukaa na namba hizo siku nyingi bila kuchoka, maana kwa anayependa, kazi ile haikuwa mzigo. Na bahati nayo ilikuwapo. Ingekuwa uongo kuificha. Bila vita, mlango wa jiolojia usingefunguka. Bila Foster kuketi jirani, huenda angebishiwa miaka mingine mitano.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kitu unachokipenda kinaweza kukupa kazi, nakujibu hivi: kinakupa jicho, na kinakupa rundo la kazi ulizokwisha kuzifanya kwa mkono wako. Vitu hivyo viwili vikionwa na mtu mwenye shida ya kutatuliwa, kazi huja, na mara nyingi huja na jina ambalo hukuwahi kulisikia. Visipoonwa na mtu, hubaki chini ya kitanda. Miaka kumi na saba ya kukaa na watu wanaotafuta njia imenithibitishia hilo kuliko jambo jingine lolote.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Clyde Tombaugh alikuwa kijana wa shambani, Kansas. Mwaka 1928 mvua ya mawe iliharibu mazao ya familia, na matumaini ya chuo yakaenda nayo. Yeye alikuwa na mapenzi ya nyota. Akajitengenezea darubini: vioo alivisugua mwenyewe, vyuma akaviokota kwenye gari bovu na mashine za shambani. Ili kukipima kioo kilichosuguliwa unahitaji hewa iliyotulia, basi akachimba shimo refu kwa mkono, akawa anashuka humo kupima vioo vyake. Usiku alichora alichokiona juu ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Michoro ile akaituma kwenye kituo cha kutazama nyota cha Lowell, Arizona, akiomba ushauri tu wa wataalamu. Wao walikuwa wanatafuta mtu mwenye jicho na subira, wakamjibu kwa kumpa kazi. Januari 1929 alikwisha fika. Akapangiwa kupiga picha kipande cha anga, kungoja siku kadhaa, kupiga tena kipande kilekile, kisha kulinganisha picha mbili nukta kwa nukta kutafuta ile iliyosogea. Tarehe 18 Februari 1930 aliiona. Ilikuwa Pluto. Alikuwa na miaka 24, hana shahada.

Angalia alituma nini. Angeweza kuandika barua ya kusema anapenda nyota tangu utotoni, na barua za hivyo zilikuwapo nyingi tu. Alituma michoro. Aliyeipokea hakuhitaji kuambiwa kwamba kijana huyu anaona vitu vidogo. Alivikuta kwenye karatasi.

Hapa lazima nikuonye kama ambavyo ningemwonya mtoto wangu. Habari za Marie na za Clyde zimetufikia kwa sababu zilifaulu. Wapo waliotuma michoro mizuri na bahasha hazikufunguliwa, nao hawakuandikwa popote. Ndiyo maana siwezi kukuambia uache kazi. Nilishawahi kumwambia mtu hivyo, na ninalibeba hadi leo. Alikuwa akipiga picha kwa mapenzi, picha nzuri sana, na mimi, katika miaka yangu ya mwanzo ya ushauri, nikamsukuma aache ajira aishi kwa kamera. Baada ya mwaka alirudi amekonda. Shida ya fedha ilikuwapo, lakini kilichoniumiza zaidi ni alichoniambia: kamera yenyewe hataki tena kuiona. Kila picha ilikuwa imegeuka kuwa kodi ya nyumba.

Baadaye nilikuja kuelewa. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha utafiti wao wa watoto wa shule ya awali wanaopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Watoto wa kundi moja waliahidiwa cheti chenye utepe na lakiri ya dhahabu endapo watachora. Wa kundi la pili walipewa cheti hichohicho bila kuahidiwa, kama jambo la ghafla. Wa tatu hawakupewa kitu. Wiki moja mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani, kila mtoto ana uhuru wa kuchora au kuacha. Wale walioahidiwa zawadi walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu hata kidogo.

Somo ninalolitoa hapo si kwamba malipo ni mabaya; mdogo wako halipiwi ada kwa hamu. Ila kitu unachokipenda ukikitwika mzigo wote wa maisha siku ya kwanza, kinaweza kuvunjika mgongo. Kipe muda kikue kikiwa na mshahara wa uhasibu ubavuni. Acha kazi ya ramani ikujie kidogokidogo, nyingine bila kutarajia, mpaka ifike siku ambayo ni yenyewe inayokuita uache nyingine. Watu ninaowajua waliovuka salama walivuka hivyo, karibu wote. Hata Marie alisomea hisabati huku bado akipokea mshahara wa kampuni ya mafuta.

Na hapa ndipo barua yako iliponifurahisha kweli. Wewe hukuona, lakini umekaa mahali pazuri.

Unafanya kazi kampuni ya mizigo. Mezani kwako zinapita risiti za mafuta, hati za kupokelea mzigo zenye saa na sahihi, malipo ya kuchelewesha, madai ya wateja. Kila karatasi hiyo ina mahali ndani yake. Dereva wenu anajua kwamba kona fulani hujaa maji na kwamba kituo fulani hupoteza saa mbili, ila anajua kwa kichwa chake, na mkubwa wake hajui. Wewe unajua inagharimu kiasi gani, ila hujui ni wapi. Hakuna aliyeviunganisha. Kijana anayechora vichochoro na mifereji na vituo kwa mapenzi yake, huku mchana anahesabu gharama za magari yanayopita hapohapo, ana vitu viwili ambavyo ni nadra kukutana kwenye kichwa kimoja. Wapima ardhi wako wengi. Makarani wa hesabu wako wengi. Anayeweza kuweka mezani ukurasa mmoja unaoonyesha mahali fedha za kampuni zinapovujia, sijui kama kwenye ofisi yenu yupo mwingine.

Mwaka 1931 Harry Beck, aliyekuwa mchoraji wa kiufundi kwenye ofisi ya ishara za treni za chini ya ardhi za London, alichora ramani ya njia za treni kwa muda wake mwenyewe, bila kutumwa. Alikuwa amezoea michoro ya nyaya za umeme. Akajiuliza abiria aliye chini ya ardhi ana haja gani ya kujua mto unapinda wapi juu; anachotaka ni kujua abadili treni kituo kipi. Akanyoosha njia zote, zingine wima, zingine za kulala, zingine za mshazari, akatenga vituo kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Ofisi iliikataa, waliona imekwenda mbali mno na ramani walizozoea. Alipoileta tena wakakubali kuijaribu, na mwaka 1933 ikachapishwa kwa wingi, abiria wakaigombania. Leo usafiri wa mijini duniani kote unachorwa kwa mtindo ule. Beck hakwenda mbali kutafuta. Alichanganya ujuzi wa kazi ya mchana na kitu kilichomkera kichwani, ndani ya shirika lilelile.

Basi fanya hivi. Muombe msimamizi wa magari, siyo mkurugenzi, ruhusa ya kutumia hati za miezi mitatu iliyopita kwa zoezi lako binafsi. Ruhusa uipate kwanza, hati za wateja si mali yako. Chagua jambo moja tu, kwa mfano saa zilizopotea. Kila mahali mzigo ulipochelewa weka duara, kubwa kadiri ya saa zilizopotea. Chora kwanza kwa mkono, kama ulivyozoea, kwa sababu mkono wako ndio unaojua kutazama. Kisha kaa na dereva mmoja mzee, umwonyeshe, umwulize: hapa kuna nini? Andika anachosema pembeni ya duara. Nina hakika atakukosoa mahali, na kosa hilo litakufundisha kuliko kozi ya wiki. Ukiisha, weka tarehe, mpelekee msimamizi bila kuomba chochote. Ukurasa mmoja. Usimwandikie maelezo marefu.

Sambamba na hilo, jifunze chombo cha fani. Programu inayoitwa QGIS ni ya bure, iko tangu 2002, na wataalamu wa taarifa za kijiografia wanaitumia kazini kila siku. Jiunge pia na Missing Maps, saa mbili kwa wiki zinatosha. Utachora nyumba na njia kutoka kwenye picha za satelaiti, na wachoraji wenye uzoefu watakagua mistari yako na kukuambia ulipokosea. Kwa mtu ambaye amechora peke yake miaka kumi na saba au zaidi, kukaguliwa na mgeni kutauma kidogo. Kubali kuume.

Kitakachouma zaidi ni hisabati. Utafika mahali pa makadirio ya ramani, yaani namna ya kulaza uso wa duara juu ya karatasi bapa, na mifumo ya majira ya nukta, yaani namba zinazotaja kila nukta iko wapi, na kwa mara ya kwanza kitu unachokipenda kitakuchosha. Hapo wengi hukata tamaa, wakadhani kumbe hawakupenda. Mwaka 2018 Paul O'Keefe na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa chuo. Waliwaonyesha video nyepesi ya kuvutia kuhusu mashimo meusi ya angani, karibu wote wakasisimka. Kisha wakawapa makala ngumu ya kisayansi juu ya jambo lilelile. Hamu ilishuka kwa wengi, lakini ilishuka zaidi kwa wale walioamini kwamba mapenzi ya kitu ni hazina iliyofichwa ndani yako, unaigundua tu. Wale walioamini kwamba mapenzi hukuzwa walistahimili vizuri zaidi. Ukilifikia lile somo la makadirio ukaona giza, kumbuka umefika kwenye makala ngumu, basi.

Sasa nani ataiona kazi yako? Usitegemee ndugu na marafiki wa karibu. Sisemi hivyo kuwadharau. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji watu waliokuwa wamebadili kazi, akawauliza wale walioipata kazi kupitia mtu, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na 27.8 walisema kwa nadra. Matokeo hayo yalitoka 1973, na maelezo yake ni rahisi: rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua wewe. Mtu uliyekutana naye mara mbili ndiye anayetoka kwenye chumba ambacho hujawahi kuingia. Yule mkaguzi wa Missing Maps ni mtu wa namna hiyo. Dereva mzee naye, aliyewahi kufanya kazi kampuni nyingine nne, ni mtu wa namna hiyo.

John Krumboltz, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyozipata kazi zao, aliingia kwenye fani hiyo kwa sababu ya tenisi. Akiwa mwanafunzi, siku ya mwisho ya kuchagua somo kuu ilifika hajui achague lipi. Akamwuliza kocha wake wa tenisi, na kocha huyo alikuwa pia mwalimu wa saikolojia. Ukubwani alifundisha kwamba matukio kama hayo huwapata zaidi watu walio kwenye mwendo: wadadisi, wanaojaribu, wanaokubali kubadili mwelekeo. Nami yalinipata. Nilisomea ufundi wa maabara. Bwenini nilikuwa nawasahihishia wenzangu barua za kuomba kazi, kwa sababu tu sipendi kuona mtu mzuri akijieleza vibaya. Sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo mpaka mgeni aliyekuja kutoa semina akaziona barua tatu zenye mwandiko wangu pembezoni, akauliza ni nani huyu.

Umesema hujui kama kuna anayelipwa kwa kitu hiki. Wapo, ila wengi wao hawaitwi wachora ramani. Wapo wanaopanga njia za magari ya mizigo, na hao hasa wanahitaji mtu anayejua gharama. Kampuni za bima zinataka kujua nyumba gani iko kwenye mkondo wa mafuriko. Hapo mifereji yako ina thamani. Mipango miji, mashirika ya misaada, vyumba vya habari vinavyohitaji michoro ya kueleza vita au uchaguzi, watafiti wa magonjwa. Usichague sasa. Jiulize kwanza swali dogo: unapochora, ni saa ipi unasahau kuangalia saa? Je, ni ile ya kutembea na daftari? Ya kuamua kipi kibaki na kipi kifutwe? Ya kupanga majina yasigongane? Anayependa kutembea atafika kwenye upimaji. Anayependa kufuta atafika alikofika Beck. Anayependa majina yapangike atafika kwenye data, na nakuhisi wewe, mtu wa hesabu, una kidogo cha huyo wa tatu, ila mimi si wa kukuamulia.

Kuhusu chuo: subiri. Baada ya mwaka wa kufanya haya utajua kozi gani unaihitaji, na yapo mafunzo ya jioni na ya mtandaoni ambayo hayatagusa ada ya mdogo wako. Ukienda leo utalipia kozi kwa kubahatisha.

Na boksi usilitupe, tafadhali. Kabla ya kuhama, mwaga zote sakafuni jioni moja. Andika nyuma ya kila moja, kwa penseli, mwaka na mahali, hata kama ni kwa kukadiria. Kisha toa tatu: moja ya zile nchi za kubuni za darasa la tano, moja ambayo unajua ina makosa, na ya mwisho uliyoichora. Zipige picha mchana, dirishani, bila kivuli cha mkono wako, unitumie. Ile yenye makosa ndiyo nitakayoifungua kwanza.